Mafundo ya Sufu Nyeusi

Nanyuki, Jumatano, saa kumi jioni

Wairimu wangu,

Umeenda Wamagana kumuaga cucu, nyanya yako, na mimi nimewaambia kina mama wote warudi nyumbani mapema. Nimefunga mlango wa karakana kwa ndani. Nimekaa juu ya gunia la sufu ambayo haijaoshwa, nimeweka karatasi juu ya ubao, na ninaandika upesi kwa sababu najua nikikungoja nikuambie kwa mdomo nitageuza maneno, nianze kukuuliza kama umekunja blanketi.

Blanketi, maji ya kuchemsha, mlango, wanaume: hayo nimekuambia tangu ukiwa darasa la sita na masikio yako yamechoka. Leo kuna lingine.

Nianze na Jumatatu. Kendi, mfumaji mwenzako, alikosea kuhesabu nyuzi za lile zulia la maua, nawe ukanyakua kibao cha kuchania sufu ukampiga nacho shavuni. Yale meno ya waya yaliingia. Mimi nilikuwa mlangoni, niliona yote. Damu ilidondoka kwenye sufu nyeupe iliyokwisha kuchanwa. Kendi hakulia. Alikutazama tu, mkono shavuni, na wewe ukainua kibao mara ya pili. Nilipokushika, mkono wako ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe.

Halafu mmoja wa kina mama akasema, tena kwa sauti, "Huyo ni Gathogo mtupu. Damu ya baba yake." Wengine wakaguna kukubali. Wewe ulisikia, ukainamisha kichwa kama mtu anayesomewa kesi anayoijua. Na mimi nilinyamaza. Nikaendelea kumwosha Kendi uso kwa maji ya chumvi kana kwamba sikusikia.

Wairimu, nilinyamaza kwa sababu ningesema neno moja tu kukutetea, ningelazimika kusema yote. Sasa nasema yote.

Baba yako nilimpata akiwa mkata manyoya kwenye mashamba makubwa ya kondoo huko nyuma ya mji. Alikuwa anamlaza kondoo chali kati ya magoti, anamvua koti lake zima bila kumkwaruza hata mara moja. Mimi nilikuwa nimejifunza kusokota na kufuma katika kikundi cha kanisa. Tulikuwa tunafuma mazulia ya kijivu yenye twiga, kila mama twiga yuleyule. Gathogo alikuwa akirudi nyumbani na manyoya yaliyokataliwa shambani: meusi, ya kahawia, yenye miiba na vipande vya mavi. Siku moja aliyamwaga sakafuni akaniuliza, "Kwa nini mnachemsha rangi siku nzima na huyu kondoo amezaliwa na rangi yake?"

Nilicheka. Lakini kesho yake nilifuma sufu nyeusi bila kuipaka chochote, na vishungi vingine sikuvisokota kabisa, nikavipachika hivyo hivyo vikaning'inia kama ukungu. Ndivyo ilivyoanza kazi ambayo watu wanatujia kuitafuta. Wewe umekua ukisikia nikisema ni yangu. Haikuwa yangu. Ilikuwa yetu wawili, na la kwanza lilikuwa neno lake.

Alianza kunipiga ukiwa na miaka minne. Sitakuficha hilo ili nimpake uzuri ambao hakuwa nao. Mara ya kwanza ilikuwa kofi, kwa sababu ya chakula kilichopoa. Mara ya pili alinivunja jino hili la pembeni. Mwaka uliofuata alinipiga teke la mbavu nikiwa nimeinama kuosha sufu, nikaangukia ndani ya pipa, na akanishikilia kichwa ndani ya maji yale ya mafuta ya kondoo mpaka nikaanza kuyameza. Nilijua nakufa. Aliniachilia, akakaa chini akalia. Kila mara alilia. Ilifika mahali nikawa nachukia yale machozi kuliko ngumi, kwa sababu baada ya ngumi ningeweza kulala, lakini baada ya machozi ilibidi nimbembeleze.

Sasa sikiliza yaliyotokea ule mwaka wa kura ya kwanza ya vyama vingi. Ulikuwa na miaka kumi na moja, kwa hiyo nusu unaikumbuka.

Ile hoteli ya juu karibu na msitu ilikuwa imejengewa ukumbi wa kulia chakula, wote wa mawe meusi. Ulikuwa mzuri lakini watu hawakuweza kusikilizana humo. Kijiko kikianguka kilisikika kama bati. Waliniita nikauone. Nikawaambia wasitafute picha za kutundika, mawe yanataka kuvikwa nguo. Sufu inameza kelele. Nikawachorea mlima mzima, ukuta kwa ukuta, kijivu na kahawia, na theluji ya vishungi visivyosokotwa vilivyotoka nje kiasi cha mtu kuzamisha vidole. Baba yako alijenga mtambo mrefu wa kufumia kwa mbao za mwerezi. Alizunguka mashamba matatu akitafuta kijivu kinacholingana. Tulifanya kazi ile miezi minne, na katika miezi hiyo minne hakunigusa.

Wiki ya mwisho wenye hoteli walikuja na wageni wao kutazama. Mmoja akauliza, "Wazo hili la kutumia manyoya yasiyopakwa rangi lilitoka wapi?"

Baba yako alikuwa amesimama pale kando, amevaa shati lake safi. Alinitazama. Alikuwa anangoja.

Nikasema, "Ni langu. Huyu ni bwana yangu, hunisaidia kubeba."

Nilijua ninachofanya. Nilitaka kumrudishia hata kidogo kwa jino na kwa pipa. Nililiona lile neno likimwingia, na nikafurahi.

Alirudi saa mbili usiku akinuka pombe. Ulikuwa unaandika kazi ya shule chini ya taa, karibu na mtambo. Alikuwa na yale makasi makubwa ya kukatia manyoya. Hakunisemesha mimi, alisemesha zulia. "Hunisaidia kubeba," alisema. "Hunisaidia kubeba." Akapanda kiti, akatia makasi juu kabisa, kwenye theluji, akashuka nayo mpaka chini. Nyuzi zilikuwa zimekazwa, zikawa zinakatika kwa mlio kama wa kamba za gitaa. Mlima ukafunguka katikati.

Nilimrukia. Hapo unakumbuka wewe. Alinipiga na mpini wa makasi kichwani, ncha ikachana sikio, na nilipoanguka alinikanyaga. Ulipiga kelele, "Baba, wacha! Baba, utamuua!" Ukamng'ang'ania mguu naye akakutupa kwenye magunia. Mzee Hussein jirani, yule mchuuzi wa kondoo, ndiye aliyevunja mlango. Alimsukuma nje, akakubeba wewe hadi kwake ukalale na binti zake. Hayo ndiyo uliyoyaona. Ulivyorudi kesho yake jioni, baba yako alikuwa hospitali, na nikakuambia alinijia tena asubuhi, nikajitetea kwa kilichokuwa karibu. Umeishi na maneno hayo miaka saba. Mji wote umeishi nayo.

Asubuhi ile hakunijia.

Niliamka jicho moja limefunga. Nikawasha moto nje kama kila siku, nikabandika debe la magome ya miwati kwa rangi ya mazulia mengine, kwa sababu mikono ikizoea kazi haikuulizi kama umepigwa. Debe likachemka. Nikachungulia ndani. Gathogo alikuwa amerudi usiku kwa ule mlango uliovunjwa, amekaa sakafuni mbele ya mtambo, amenipa mgongo. Alikuwa amesokota sufu nyeusi, na alikuwa anaunganisha ile midomo miwili ya zulia, uzi kwa uzi, kwa lile fundo ambalo wakata manyoya hufungia magunia. Alikuwa ameanzia chini na amefika usawa wa kifua. Nadhani hakuwa amelala hata kidogo. Vidole vilikuwa vinavuja damu.

Bila kugeuka akasema, "Nyawira, njoo unishikie huu uzi."

Kwa sauti ya kawaida. Kama vile tulikuwa tumeachia kazi hapo jana, tukaenda kulala.

Nimeufikiria wakati ule kwa miaka yote hii na siwezi kukuambia kwamba sikujijua. Nilijijua. Nilitoka, nikashika debe kwa matambara mawili, nikavuka kizingiti, nikahesabu hatua ili nisiteleze. Nilikuwa na nafasi ya kugeuka. Nikammwagia lote kuanzia shingoni.

Sitakueleza ile sauti. Alijaribu kuvua shati na shati likatoka na ngozi. Alijiviringisha juu ya sufu iliyokuwa sakafuni, manyoya yakamganda mgongoni, na magome yale mekundu, hata mtu akashindwa kujua wapi ni rangi na wapi ni nyama. Mimi nilisimama na debe tupu. Sikumwendea. Nilichofikiria, Mungu ananiona, ni kwamba sasa anajua.

Majirani walipofika nikasema, "Alitaka kuniua." Nani angenikatalia? Walinitazama uso, jicho, sikio limechanika, zulia limekatwa. Ushahidi wote ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa jana.

Mzee Hussein aliwateremsha kondoo wake barabarani, akamlaza Gathogo kifudifudi kwenye pikapu. Tulipofika hospitali akanivuta pembeni. "Mama Wairimu, huyu bwana alikuwa amesimama ama amekaa?"

"Alikuwa amesimama. Alikuwa ananijia."

Akatazama kule alikolazwa Gathogo, jinsi alivyoungua nyuma yote na mbele hakuna hata tone. Akasema tu, "Haya, mama," na hajaniuliza tena mpaka leo.

Askari walikuja na daftari. Gathogo alikuwa amelala kifudifudi, ananong'ona. Askari akamwuliza, "Ulikuwa unampiga bibi yako?"

Nilikuwa pale kando ya kitanda. Nilisubiri anitaje.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nampiga."

Wakafunga daftari, wakaenda. Alikaa hospitali miezi mitatu na nilimtembelea mara ile moja tu. Alipotoka hakurudi nyumbani.

Lile zulia nililimalizia mwenyewe. Nilitoka pale alipofika, usawa wa kifua, nikapanda hadi kwenye theluji kwa fundo lake lilelile. Niliogopa wenye hoteli watalikataa. Walipoliona, mstari mweusi wa mafundo umepasua mlima kutoka juu hadi chini, yule mgeni alilipapasa, akauliza, "Na haya mafundo, umeyafikiria wewe?"

Nikasema ndiyo.

Ni mafundo hayohayo yaliyotupa jina, Wairimu. Ni hayo wanayoyaulizia kwa mito ya viti, kwa mapazia, kwa vivuli vya taa. Ni hayo yule mama wa Thika aliyoyaona kwenye kazi yako akasema anakutaka kwenye karakana yake ya kupamba mahoteli. Kesho unakwenda kwa watu kwa ajili ya kazi ya mikono ya baba yako, na ningenyamaza ungeondoka hujui.

Kuna jingine, na hili unalijua lakini hatujawahi kulitamka. Kidole chako cha kati, kilichopinda. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nakufundisha fundo, ukawa unalifunga kinyume, mara tatu, mara nne, na ulivyolifunga kinyume ndivyo Gathogo alivyokuwa akilifunga kwa sababu naye alitumia mkono wa kushoto. Sikuvumilia kuuona ule mkono. Nikachukua kitana kizito cha kugongea nyuzi nikakupiga juu ya vidole. Nilisikia mfupa. Hospitalini nilisema umebanwa na mlango, na wewe, mtoto mdogo, ukamwambia daktari, "Ni mlango." Ulinitetea kama yeye alivyonitetea. Wawili mmedanganya kwa ajili yangu, na wote wawili mlikuwa bado mnauguza majeraha niliyowapa.

Nisamehe kidole. Sikuombi unisamehe sasa, wala usiniandikie barua ya kunisamehe. Nimeona tu haifai mtu atembee na mfupa uliopinda na aliyeupinda ajifanye hakumbuki.

Kwa hiyo wakikuambia una damu ya baba yako, ujue uliyoyaona Jumatatu kwenye mkono wako nayajua kwa jina. Baba yako akikasirika alilipuka, akapiga, akalia. Mimi hungoja. Mimi huchemsha. Kendi alikosea Ijumaa, Wairimu. Wewe ulimpiga Jumatatu. Nilikuona Jumamosi yote ukimtazama.

Sina dawa ya hilo. Ningekuwa nayo ningekuwa nimeinywa. Ninachofanya mimi ni kusema mapema, kabla halijaiva. Namwambia mtu, "Ulilonifanyia jana limenichoma na nina hasira na wewe." Linatoka vibaya, watu hununa, mama mmoja alihama kikundi kwa sababu hiyo. Lakini hakuna aliyeungua. Kwa Kendi nenda leo jioni kabla hujalala. Usiende na zawadi. Mwache akuonyeshe shavu, ulitazame mpaka yeye aseme imetosha.

Nimebakiza moja.

Jumapili iliyopita sikwenda kwenye mkutano wa kina mama kama nilivyokuambia. Nilikwenda Sagana. Mzee Hussein alikuwa ameniambia zamani kwamba baba yako yuko huko, kando ya barabara kuu, anashona magunia ya wafanyabiashara wa mchele. Miaka yote nilijifanya sikusikia.

Nilimpata ameketi kwenye kibanda cha mabati, sindano kubwa mkononi. Amezeeka. Bega la kulia halipandi, ile ngozi imemvuta chini, kwa hiyo hugeuka mwili mzima akitaka kukutazama. Aligeuka mwili mzima. Hakushtuka.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja kusema ulikuwa umekaa."

Akaendelea kushona mpaka mwisho wa gunia, akakata uzi kwa meno. "Mimi najua nilikuwa nimekaa. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi mwambie mtoto. Mimi usiniambie."

Nikamwambia naomba msamaha. Hapo alikasirika. Alisimama, na mimi, baada ya miaka yote hii, nikajikuta nimerudi nyuma nikikinga uso kwa mkono. Akauona ule mkono wangu. Akakaa tena polepole.

"Unaona?" akasema. "Bado unajikinga. Nilikupiga miaka saba, Nyawira. Nikikusamehe leo, utaniambia mimi nani anisamehe? Tuache hivyo. Tukae na yetu, kila mtu na yake."

Tukakaa. Malori yalipita. Mama mmoja alileta magunia, akayahesabu, akaenda. Nikamwambia kwamba Alhamisi unahamia Thika na kwamba utapita pale asubuhi. Nikamwambia kazi unayokwenda kufanya na fundo unalofunga, na kwamba unalifunga kwa mkono wa kushoto. Akatia uzi mwingine kwenye sindano. Unajua umepewa jina la mama yake, na kwa hiyo tangu ukiwa mchanga hakukuita Wairimu, alikuita mama. Mwishowe akaniuliza, "Na mama yangu, bado akilala hushika sikio?"

Nilimtazama nikidhani ananichanganya na mtu mwingine.

"Sikio gani?"

"La kushoto. Alikuwa akianza kusinzia analishika hivi, na ukilitoa mkono wake anaamka. Nilikuwa nikikubebea wewe sufu usiku, napita kitandani kwake, namwona."

Wairimu, nimekulea miaka kumi na minane na sikuwa najua kwamba unalala hivyo. Jumapili usiku nilikuja na taa nikakutazama. Ulikuwa umelishika.

Kibanda cha baba yako ni cha tatu baada ya daraja, upande wa mkono wa kulia ukitoka huku. Kuteremka au kupita ni shauri lako, na mimi sitakuuliza ulifanya lipi. Lakini lile swali la sikio ni lako kulijibu. Aliniuliza mimi kwa kuwa wewe hukuwepo.

Mama yako,
Nyawira